Mkono wa Kushoto wa Babu

Kozhikode, 12 Mei 1991

Kwako Mjomba Beeran,

Kabla hujakaa, simama kwanza. Unaandikiwa na Hamsa, fundi ambaye umeme ukikutana naye njiani unavua viatu na kumpisha. Mtaa mzima wa Kuttichira hauna redio iliyokufa ambayo sijaifufua, na moja iliyokuwa hai niliiua kwa makusudi ili niifufue vizuri zaidi. Watu wanasema niliacha shule darasa la nane. Uongo. Shule ndiyo iliyoniacha, walimu waliona haya kunifundisha.

Haya, salamu sasa. Assalaam alaykum. Mama hajambo, anakusalimu sana, anasema yale mafuta ya nazi aliyokutumia usiwagawie wale jamaa wa chumbani kwenu kama mwaka jana. Baba yangu huja usiku kulala na kurudi kwao asubuhi kama desturi ya waume wa kwetu, hana habari mpya. Babu yupo. Sukari yake inapanda na kushuka kama bei ya dagaa, na jicho la kulia sasa linaona kivuli tu, lakini mdomo mzima. Jumamosi anapanda ghorofani, juu ya lile ghala la pilipili manga, wanakopiga muziki wazee wenzake. Tabla hapigi tena, vidole vimekakamaa. Anakaa na kuwasahihisha wanaopiga.

Sasa lililonifanya nikuandikie. Nimeunda kikuza sauti. Chote kwa mikono hii. Sanduku ni la chuma, lilikuwa la mizani ya duka la marehemu Avaran. Transfoma nimeisuka mwenyewe, mizunguko mia tisa, na hesabu ilinipotea mara mbili tu. Spika nimezitoa kwenye sinema iliyofungwa. Nimekiunganisha na ile mashine ya santuri uliyoacha chumbani kwako, na kinapiga mpaka vikombe vinacheza kabatini.

Ila kinavuma. Mmmmm, kama nyuki walioshiba. Hata sahani ya santuri ikiwa haijawekwa, kinavuma. Ningekuwa na wateja wengine ningewaambia ni sauti ya nguvu. Lakini mteja ni Babu, na Babu anataka ile sahani moja.

Unaijua, ile ya mwaka hamsini na sita, yule fundi cherehani Abu anaimba na Babu yuko nyuma yake kwenye tabla. Sasa Babu anasema mvumo wangu umekaa palepale inapokaa ngoma ya kushoto, ile nene. Mkono wa kulia anausikia, ule wa kushoto umefunikwa. Nikamwambia, Babu, wa kulia si unatosha? Akaniambia, "Mkono wa kulia unaongea na watu. Wa kushoto ndio unaosema kweli."

Nieleze la kufanya, ingawa karibu nilijue.

Mpwa wako,
Hamsa, Fundi Mkuu


Doha, 29 Mei 1991

Kwa Hamsa, Fundi Mkuu wa sanduku la mizani,

Waalaykum salaam. Mimi mzima. Joto limeanza, tunaanza kazi saa kumi alfajiri na kuacha saa tano, nikivua kofia jasho linamwagika kama nimebeba ndoo kichwani. Mwambie dada yangu Pathu kwamba mafuta ya nazi nimeyafungia sandukuni, na ufunguo nalala nao.

Nimeicheka barua yako mpaka mwenzangu wa kitanda cha juu akauliza kama nimepata viza ya Marekani. Halafu nimeisoma mara ya pili. Transfoma uliyoisuka huku hesabu ikipotea ina kazi. Isogeze. Iwe kona ya mbali kabisa na mahali waya wa santuri unapoingilia, na uizungushe kidogo kidogo huku unasikiliza, kuna upande itanyamaza zaidi. Waya za umeme zinazotoka humo zisokote pamoja, mbili mbili, kama msichana anavyosuka nywele. Waya wa sauti usiwe ule wa kengele ya mlango, nakujua. Tafuta ule uliovikwa wavu wa shaba. Na usiulaze kamwe sambamba na waya wa umeme. Zikilazimika kukutana, zikatane kama njia panda kila mmoja uende zake.

Ukiyafanya hayo na bado kinavuma, basi ni ardhi. Kikuza sauti kina waya wake wa kijani unaokwenda ardhini, na mashine ya santuri ina wake. Vikiunganishwa na waya wa sauti, zile njia mbili zinafanya duara, na umeme unazunguka mle ndani ukiimba. Dawa ni kulivunja duara. Namna ya kulivunja nitakueleza barua ijayo, maana Alavi ndiye anayenichukulia hii, teksi yake ya uwanja wa ndege inapiga honi hapa nje.

Mwaka hamsini na sita ndio niliozaliwa mimi. Baba hajawahi kunipigia sahani ile. Nilipokuwa mdogo nikiiomba alisema nisubiri mashine nzuri. Mbusie mkono. Wa kushoto.

Beeran


Kozhikode, 18 Juni 1991

Mjomba Beeran, salamu nyingi kuliko matone ya mvua, na mvua yenyewe imeanguka siku kumi na mbili mfululizo. Ukuta wa chumba chako umeota ukungu. Mama amekausha nguo juu ya jiko mpaka mashati yetu yote yananuka samaki. Suhra wa nyumba ya pili ana mimba kubwa, Mama anakwenda kumwangalia kila siku. Sikukuu Jumapili, kondoo tumeshamnunua, na mimi ndiye nimepewa kazi ya kumlisha kwa sababu, Mama anasema, tunaelewana.

Haya kaa vizuri. Nimeshinda.

Nilifanya yote uliyosema. Transfoma imehamia kona, waya nimesokota mpaka Mama akauliza ni harusi ya nani. Waya wa sauti ulikuwa wa kengele ya mlango, umejuaje wewe? Nikapata wenye wavu wa shaba kwa mzee wa vyuma chakavu, nikambadilishia saa mbovu. Mvumo ukapungua nusu. Nusu nyingine ikakaa kama mgeni asiyejua kuaga.

Nikatumia akili zangu. Nikaweka kapasita pale mlangoni pa sauti, sauti zote nene zisipite. Kimya kabisa. Nikamwita Babu. Alisikiliza wimbo mzima ameinamisha kichwa, kisha akasema, "Umefukuza nzi na chai umemwaga." Maana mkono wake wa kushoto ulikuwa umetoka pamoja na mvumo. Nilitaka ardhi inimeze.

Nikakumbuka duara lako. Sikungoja barua, Mjomba, fundi hangoji posta. Nilifungua plagi ya kikuza sauti nikakata waya wa kijani. Mvumo ukaondoka. Nikasema, kama kukata mmoja ni vizuri hivi, wawili je? Nikafungua na ya santuri nikakata na huo. Sasa hakuna njia hata moja, duara litazungukia wapi?

Kimya, Mjomba. Kimya cha msikitini baada ya imamu kusema takbira. Nikaweka sahani. Fundi Abu akavuta pumzi, tukaisikia ile pumzi. Halafu mkono wa kushoto ukaingia, mnene, mtamu, kama mtu anaongea chumba cha pili. Babu alinishika goti. Ilipofika beti ya tatu mkono ule ukachelewa, kama umejikwaa, halafu ukakimbia kuwafikia wengine. Mimi nilijua ni mkwaruzo wa sahani. Babu akaniambia nirudishe sindano. Nikarudisha. Akasema, "Hapo. Hapo ndipo alipozaliwa Beeran."

Kumbe walikuwa wanarekodi, na siku hizo ukianza huachi mpaka umalize, akaja mtu akasimama mlangoni, akamwonyesha Babu kwa mikono: mtoto, wa kiume, mama yake mzima. Mkono wa kulia uliendelea. Wa kushoto ukasahau kazi. Miaka thelathini na mitano amekuwa akiona haya kwa kosa lile, na hakutaka ulisikie kwenye mashine mbovu. Alilia, Mjomba, na mimi jicho liliingia vumbi.

Sasa hanipi nafasi. Anaiwasha mwenyewe kwa kupapasa, asubuhi na jioni. Jambo dogo tu, sanduku linatekenya kidogo ukiligusa, siku hizi za mvua hasa. Babu anasema linamsalimia.

Fundi Mkuu (sasa hata wewe huwezi kukataa),
Hamsa


Doha, 3 Julai 1991

Hamsa,

Salamu kwa wote. Barua yako imenifikia leo jioni. Nimekwenda kupiga simu kwa jirani yetu Mamukoya mara nne, laini imekufa, wanasema ni mvua. Kwa hiyo naandika na nitaitafutia mtu wa kuondoka nayo.

Chomoa kikuza sauti kwenye ukuta. Sasa hivi, kabla ya kumaliza kusoma. Baba asikiguse.

Waya wa kijani haukuwekwa kwa ajili ya sauti. Upo ili umeme ukitoroka ndani ya sanduku uende ardhini usipitie kwa mtu. Duara linavunjwa kwenye wavu wa waya wa sauti, upande mmoja tu, na sanduku linabaki na ardhi yake. Njia moja lazima ibaki. Kule kutekenya ni transfoma yako inavuja kwa unyevu. Haimsalimii mtu.

Nilipaswa kuandika sentensi hizi mbili mwezi wa tano. Teksi ingesubiri.

Rudisha waya. Niandikie kwamba umerudisha.

Kuhusu lile la beti ya tatu nitamwandikia Baba mwenyewe, kwa mkono wangu. Sijui nitaanzaje.

Beeran


Kozhikode, 20 Julai 1991

Kwako Mjomba Beeran,

Assalaam alaykum. Telegramu ulishaipata, na najua umelia peke yako huko. Mama anasema usijilaumu kwa kukosa ruhusa ya kuja, hata ungepata usingewahi, tulizika siku ileile baada ya alasiri, na mvua ilitupa nafasi saa moja hivi kama inaelewa. Watu walikuwa wengi. Wazee wa ghorofani walibeba jeneza wenyewe, hawakukubali vijana tuwapokee, walitembea polepole sana.

Utataka kujua ilivyokuwa. Ilikuwa Ijumaa, tarehe tano. Babu alioga kwa ajili ya sala. Mama alikuwa kwa Suhra, uchungu ulianza alfajiri, akamwachia Babu chai na chapati za mchele mezani. Mimi nilikuwa ghorofani kwa wazee. Tuliporudi tulimkuta chini, karibu na kiti chake. Daktari alikuja, akamshika, akasema moyo. Akauliza sukari, tukasema miaka ishirini. Akasema basi.

Suhra alipata mtoto wa kike saa ileile.

Barua yako ya tarehe tatu imefika juzi. Nimeisoma. Waya wa kijani ulikuwa umekwisha rudi mahali pake kwenye plagi zote mbili kabla haijafika, usiwe na wasiwasi.

Chapati hakuzigusa. Mama anarudia jambo hilo kila mara.

Hamsa


Doha, 12 Agosti 1991

Mpwa wangu Hamsa,

Waalaykum salaam. Siku hizi nafanya kazi zamu mbili ili nichoke.

Nitakueleza jambo, na usinikasirikie. Niliposoma barua yako ya Julai sikulala. Niliona jinsi ulivyoandika kidogo, wewe ambaye hata kondoo unamwandikia nusu ukurasa. Wazo baya liliniingia. Mamadu wa hapa kazini alikuwa anakwenda likizo ya siku chache, nikamwomba apite nyumbani kuwapa pole, na akiwa hapo afungue zile plagi. Amerudi jana. Amesema waya zote mbili zimefungwa vizuri, skrubu imekazwa, kazi safi. Nilikaa chini palepale. Nisamehe, mwanangu. Nilikuwa nimekudhania, na nilikuwa nimejidhania na mimi kwa barua ile ya teksi.

Kumbe ulikuwa umekwisha rekebisha kabla hata sijakuambia. Basi una kichwa cha ufundi kuliko nilivyojua. Nimezungumza na msimamizi wangu. Anataka msaidizi, na nimempa jina lako. Karatasi za viza zitakuja mwezi ujao. Tutalala chumba kimoja, nitakufundisha vizuri, mwanzo hadi mwisho, bila haraka.

Na dada yangu mwambie hivi, maana mimi simwandikii. Mtu mwenye sukari na moyo haachwi peke yake na chai mezani. Suhra ana mama yake, ana shangazi watatu. Baba alikuwa na Pathu tu. Kama mtu angekuwa ndani angemwita daktari mapema. Ni vigumu kulisema lakini ni vigumu zaidi kulilala nalo. Msomee.

Halafu niambie jambo moja. Siku ile, sahani ilikuwa inapiga?

Mjomba wako,
Beeran


Kozhikode, 1 Septemba 1991

Kwako Mjomba Beeran,

Assalaam alaykum. Baba yangu hajambo. Mtoto wa Suhra hajambo, wamemwita Nafeesa. Mama hali chakula.

Nilimsomea barua yako kama ulivyoagiza. Nilidhani nitaruka pale panapomhusu lakini alikuwa amesimama nyuma yangu, na ingawa hasomi anajua mtu anaporuka. Tangu siku hiyo haendi kwa Suhra, hamshiki mtoto. Kila anayekuja kutoa pole, Mama anamuuliza, "Saa moja ingemsaidia?" Hata muuza samaki ameulizwa. Juzi nilimkuta amekaa kwenye kiti cha Babu, sahani ya chapati mapajani, zimekauka. Kumbe hajazitupa. Nimemwambia nakuandikia leo na akaniambia nikwambie una haki.

Huna haki, Mjomba. Na viza umpe mtu mwingine.

Naandika hii nimeanza mara sita. Ungeona sakafu ungesema nimefungua duka la karatasi.

Umeuliza kama sahani ilikuwa inapiga. Ndiyo. Ilikuwa imekwisha na sindano inasugua katikati, shwaa, shwaa. Hakuna mvumo. Kazi safi, kama alivyosema Mamadu.

Asubuhi ile nilikuwa ghorofani kweli, lakini sikukuambia nilichokwenda kufanya. Nilikwenda kujisifu. Nilisimama mbele ya wale wazee nikawaambia mpwa wa Beeran ameua mvumo uliomshinda fundi yeyote mjini, na asiyeamini aje asikie. Watatu wakaja. Ngazi zetu unazijua, wao wanapanda na kupumzika, mimi niliruka mbili mbili niwashe taa kabla hawajaingia. Niliingia wa kwanza.

Babu alikuwa ametoka kuoga. Kanzu imelowa mgongoni, miguu mitupu, na maji yake yametoka mlangoni mpaka kwenye kiti juu ya ile saruji. Alikuwa ameanguka kando, na mkono bado uko kwenye sanduku. Wa kushoto. Vidole vimekunjwa kwenye ukingo wa chuma. Niliwasikia wazee wanakohoa ngazini. Nilichomoa plagi kwanza, ndipo nikamshika. Nilimlaza vizuri, mkono nikauweka kifuani pake na mwingine juu yake, na ndani ya kiganja kulikuwa na alama ndogo nyeusi kama punje ya pilipili manga. Niliufumba mkono ule. Daktari aliuona umefumbwa na hakuufumbua. Waliomwosha labda waliona, hawakusema.

Saa moja isingemsaidia. Hata dakika moja. Mama angekuwa ndani angemkimbilia amshike, na ningewazika wawili. Mwambie hivyo, Mjomba. Mwandikie wewe, kwa mkono wako, mimi haniamini tena kwa lolote la kumfariji. Nitampeleka nayo kwa muuza dawa amsomee, nisije nikaruka.

Zile waya nilizirudisha mimi. Ilikuwa siku ya tatu ya matanga, watu wako chini wanasoma Yasin, mimi niko juu na bisibisi. Barua yako ilikuwa bado haijafika. Hakuna aliyeniambia nirudishe. Kwa hiyo usiseme tena kuhusu teksi. Ungeandika sentensi mbili ningezisoma na kukata vilevile, maana nilitaka kimya chote, si nusu. Na usiseme sikujua.

Mwezi wa sita, usiku ule nilipomaliza kukata waya wa pili, kabla sahani haijawekwa, sanduku lilinitekenya mimi kwanza. Mkono wote, mpaka kwenye kiwiko. Nilijua ni nini, Mjomba. Nilicheka, nikamwita Babu aje aguse na yeye.